Ziara ya Ngome za Singapore: Nani Alilipia Mizinga?

Ziara nyingi za kihistoria huko Singapore humsimamisha mgeni mbele ya mzinga, zikamtajia uzito wa kombora na umbali liliofika, basi. Ziara hii ya siku nzima, ya kikundi kidogo na mwongoza watalii mmoja, inafuata swali jingine ambalo mimi naliona zito zaidi: fedha za kujengea ulinzi huu zilitoka kwa nani, na zilipatikana kwa mabishano gani?

Kituo cha kwanza ni ngome ya Fort Siloso, kisiwani Sentosa. Hapo mwongozaji alituketisha kivulini na kutueleza mvutano wa miaka ya 1890 kati ya serikali ya Uingereza, London, na koloni lake lililoitwa Makoloni ya Straits, yaani Singapore, Penang na Malacca. London ilitaka mchango wa ulinzi wa koloni uongezwe maradufu, hadi pauni 100,000 kwa mwaka. Wafanyabiashara wa Singapore walijibu kwamba ngome zililinda makaa ya mawe ya meli za kivita na biashara ya himaya nzima, hivyo haikuwa haki koloni moja libebeshwe mzigo wa wote. Mwaka 1895 wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria wasiokuwa maofisa wa serikali walijiuzulu kwa kupinga, na hatimaye mchango ukafungwa kwenye asilimia ya mapato, ambayo ilipanda hadi 20. Ufafanuzi ulionigusa zaidi ni kwamba Singapore ilikuwa bandari huru, isiyotoza ushuru wa forodha, na kwa miaka mingi karibu nusu ya mapato ya koloni ilitokana na kasumba, yaani afyuni. Sehemu kubwa ya mchango huo, basi, ilitoka mifukoni mwa makuli wa Kichina walioivuta, ambao hakuna aliyewauliza lolote.

Changi, mbele ya mfano wa mzinga wa inchi 15, ndipo ziara inapofikia kilele chake. Uingereza iliamua mwaka 1921 kujenga kituo kikubwa cha jeshi la majini Singapore, ilhali hazina yake ilikuwa imekaushwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Serikali ya chama cha Labour, chini ya Waziri Mkuu Ramsay MacDonald, ilisimamisha mradi mwaka 1924. Ile ya Stanley Baldwin wa chama cha Conservative ikaufufua kabla ya mwaka kwisha, na wengine wakatakiwa kuchangia. Makoloni ya Straits yalitoa ardhi, Hong Kong pauni 250,000, Shirikisho la Majimbo ya Malay pauni milioni 2, na New Zealand pauni milioni 1 kwa awamu nane. Australia haikuchangia kituo hicho, bali ilielekeza fedha kwenye meli zake yenyewe. Mwaka 1935 Sultani Ibrahim wa Johor, jimbo la Malay linalopakana na Singapore, alimpa Mfalme George V pauni 500,000 kwa jubilei yake, na mizinga ya Changi ikapewa jina la Johor. Mwongozaji alionyesha kwa ustadi jinsi kila mchango ulivyokuwa pia kifungo: chama cha Labour kiliporudi madarakani mwaka 1929 kilipunguza kasi ya ujenzi, lakini kuufuta mradi ambao wengine walikwisha kuulipia lilikuwa jambo gumu.

Sembawang, mahali kilipojengwa kituo hicho cha jeshi la majini, tulipita kwa haraka, kwa kuwa chelezo cha Mfalme George VI, yaani gati kavu la kutengenezea meli, kilichofunguliwa tarehe 14 Februari 1938, kimo ndani ya eneo la karakana za meli. Hata hivyo, barabara za jirani zina majina ya Wellington na Canberra, miji mikuu ya New Zealand na Australia, na inafaa kukumbuka kwamba ni mmoja tu kati ya miji hiyo uliotuma fedha.

Upungufu upo. Maelezo yote ni kwa Kiingereza, na takwimu nyingi hutajwa kwa mdomo tu, hivyo asiyebeba daftari atazisahau. Karatasi moja yenye miaka na viwango vya michango ingetosha. Kuanguka kwa Singapore mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942 kulielezwa kwa dakika chache mno. Bei si ya chini, ukizingatia kwamba Changi na Fort Siloso mtu huingia bila kulipa, lakini unacholipia hapa ni maarifa ya mwongozaji, nayo yanastahili. Beba maji na kofia, na uombe kundi la asubuhi, kwa sababu joto la alasiri huko Changi huwafanya watu waache kusikiliza.