Meza ya redio Tanga: ununue kipi kwanza?

Ukitaka kuunda redio zako mwenyewe, cha kwanza kununua ni redio iliyokufa. Pita kwa mafundi wa Ngamiani, uliza lile boksi la redio zilizoshindikana, halafu patana bei. Unachokitafuta humo ni fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa koili, pamoja na kapasita ya kuzungusha, ile ya kutafutia stesheni. Bila viwili hivyo ni shida kunasa mawimbi ya kati, 531 hadi 1602 kHz, na dukani ni vya kubahatisha. Spika nayo utaikuta humo humo. Ila fungua kabla ya kulipa: redio za vitufe hazina kapasita hiyo, na baadhi ya hizi mpya zenye gurudumu ndani zina rezista ya kuzungusha tu. Kapasita ya kweli utaona visahani vyembamba vikipishana.

Usichomoe kapasita za elektroliti. Maji yake ya ndani hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Mimi nilibana senti, nikazichomoa, nikakesha siku mbili nikitafuta mvumo uliotoka kwenye kipande cha bei ya pipi. Hizo nunua mpya.

Nafasi ya pili naipa pakiti ya rezista za robo wati. Ukikosa pakiti, chukua kumi kumi za ohmu 100, na za kilo-ohmu 1, 4.7, 10, 47 na 100. Zitakutosha kwa redio ndogo nyingi. Ongeza kapasita za seramiki: iliyoandikwa 103 ni nanofaradi 10, na 104 ni nanofaradi 100. Za kwenye osileta, sehemu inayozalisha mawimbi ndani ya redio, ziwe aina ya NP0, maana nyingine joto likipanda stesheni inahama, na joto la Tanga la Februari unalijua.

Transista na dayodi nunua moja moja, ukiwa na mita ya kupimia umeme mkononi. BC547 na 2N3904 zinashika nafasi moja kwenye sakiti nyingi, lakini miguu ya pembeni imebadilishana: ukielekeza uso bapa kwako, miguu ikiwa chini, mguu wa kolekta wa BC547 uko kushoto, wa 2N3904 uko kulia. Dayodi ya 1N34A, ya germaniamu, ya redio isiyotumia betri, ipime palepale kaunta. Mita ikisoma karibu volti 0.3, lipa. Ikisoma 0.6, hiyo ni silikoni, mrudishie.

Mwisho kabisa ni yale maboksi ya vipande elfu moja ya kuagiza mtandaoni. Mengi yamejaa taa ndogo za rangi, na koili ni nadra kuikuta humo.

Upepo wa bahari nao una kodi yake. Vifaa viweke kwenye chupa zenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Mguu wa kifaa ukishafubaa, ukwangue kwa wembe kwanza. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye kutu.