Uzoefu wangu: siku moja ya basi na usiku mbili katika mji mdogo wa Bolgar, Tatarstan, Urusi

Bolgar nimeshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na basi la watalii kutoka Kazan, mji mkuu wa Tatarstan, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Mara ya pili, mwezi Juni, nilikwenda peke yangu kwa boti nikalala usiku mbili. Safari ya kwanza naipa nyota mbili, ya pili naipa tano. Mji ni ule ule na magofu ni yale yale.

Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko, nipo Kazan mwaka wa tatu sasa kimasomo. Nimekua nikiyatazama magofu ya Kilwa Kisiwani kila siku, kwa hiyo sikwenda Bolgar kushangaa ukuta mkongwe. Kilichonivuta ni Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alifika Kilwa mwaka 1331, kisha katika simulizi zake anaeleza kwamba alipanda kaskazini mpaka Bulghar, yaani Bolgar hii, kwa sababu alitaka kuona jinsi usiku wa kiangazi unavyokuwa mfupi. Wanahistoria wengi wana shaka kama kweli alifika. Hata hivyo jina la kwetu na jina la huku yamo katika simulizi za msafiri mmoja, na mimi nilikuwa naishi mwendo wa saa tatu tu kutoka hapo. Nisingeacha kwenda.

Nianze na lile basi. Tulivuka daraja refu la mto Kama, tukafika kabla ya adhuhuri. Tuliahidiwa mtu wa kutuongoza kwa Kiingereza, akaja wa Kirusi pekee. Kirusi nakielewa, lakini wenzangu wawili walizunguka siku nzima bila kuambulia neno. Dakika arobaini zilikwenda kwenye Msikiti Mweupe uliojengwa mwaka 2012. Ni mzuri sana, marumaru zake zinang'aa mbele ya dimbwi la maji, na kila mtu alitaka picha. Kisha tukapelekwa kwenye jengo la kumbukumbu ya kusilimu kwa Wabulgari, watu wa kale wa mji huu, ulipo Msahafu mkubwa uliochapwa Italia, una uzito wa kilo 800. Hapo pia picha. Magofu yenyewe, yaliyofanya UNESCO iuweke mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, tuliyapitia mbio mbio. Eneo lina zaidi ya hekta 400. Hakuna anayeweza kulimaliza kwa miguu huku anaitwa arudi kwenye basi. Mjini kwenyewe hatukushuka kabisa. Niliuona dirishani.

Niliumia, nasema kweli. Ni kama mtu aje Kilwa, apige picha gatini, aondoke.

Mara ya pili nilipanda boti iendayo kasi kutoka bandari ya mtoni Kazan, zile zinazonyanyuka juu ya maji na ambazo hutembea majira ya joto tu. Tulishuka na mto Volga, tukapita mahali mto Kama unapoingia, na hapo maji yanapanuka mpaka unadhani uko baharini. Upana huo una sababu, nami niliijua baadaye kutoka kwa mama mzee niliyepanga chumba kwake. Mji huu zamani uliitwa Spassk na ulikuwa mahali pengine. Mwaka 1935 ukapewa jina la Kuybyshev. Lilipojengwa bwawa la umeme kwenye Volga miaka ya 1950, mji wa zamani ulifunikwa na maji na watu wakahamishiwa hapa, jirani na magofu. Jina la Bolgar lilirudi mwaka 1991. Huyo mama, wajukuu zake humwita äbi, yaani bibi, alihamishwa akiwa mtoto. Alinisogezea chai ya maziwa, akanionyesha kwa kidole dirishani: "Kwetu ni kule, chini." Wakazi wa mji leo ni kama elfu nane, na sehemu ya walio na umri wake wanaweza kuonyesha kidole hicho hicho.

Ile asubuhi ya kwanza sikwenda msikiti mpya. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la kuba lililo upande wa kaskazini wa magofu ya msikiti mkuu. Ndani yamehifadhiwa mawe ya makaburi ya karne ya 13 na 14, yale ambayo kwetu pwani wazee huyaita mashahidi. Sikujua lolote kuhusu maandishi yake. Nikainama, nikaanza kusoma kama nilivyofundishwa chuoni nikiwa na miaka saba: Al-hukmu lillahil-Aliyyil-Kabir. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, Aliye juu, Mkubwa. Jiwe la pili lilianza hivyo hivyo, na la tatu pia. Katika nchi ambayo nimekuwa nikisoma alfabeti ngeni tangu nishuke kwenye ndege, hapo nilisoma bila kukwama. Nilikaa karibu saa nzima, na mlinzi aliniacha.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa lililojengwa kati ya 1732 na 1734, na mawe ya makaburi ya aina hiyo yalitumika kwenye msingi wake. Ilikuwa ni miaka kumi tu tangu Tsar Petro wa Kwanza apite hapa mwaka 1722 na kuamuru magofu yatunzwe. Jambo hili linauma ukiwa umetoka kuyasoma. Mnara mkubwa wa msikiti nao ulianguka mwaka 1841. Unaouona sasa ulijengwa upya mwaka 2000. Sipingi kujengwa kwake, maana mawe ya msikiti bila mnara yangekuwa magumu kueleweka kwa mgeni. Lakini kama una nguvu ya kutembea, au nauli ya vile vigari vya umeme, nenda hadi Mnara Mdogo. Huo umesimama tangu karne ya 14 haujaanguka. Ni mfupi, wa mawe meupe, umezungukwa na nyasi, na pale hakuna foleni ya mtu. Kwangu ndio bora kuliko vyote. Chumba Cheusi, jengo la kuba la karne hiyo hiyo, kitazame ukiwa njiani.

Chakula hakina shida kwa Muislamu. Echpochmak ni kama sambusa kubwa ya kuoka, ndani nyama, viazi na vitunguu. Chak-chak ni vipande vya unga vilivyokaangwa na kushikanishwa kwa asali. Anayejua visheti ataelewa haraka. Kuna pia makumbusho ya mkate yenye kinu cha upepo, na mkate wa kununua ukiwa bado moto. Äbi na mimi tulielewana kwa Kirusi changu kibovu mpaka tulipogundua kwamba kitabu kwake ni kitap, wakati ni waqıt, habari ni xäbär, dunia ni dönya. Tangu hapo tukawa tunatafutana maneno mezani, yeye la kwake mimi la kwangu, na tulipokosea tulianza upya.

Sasa usiku, ambao ndio ulionirudisha. Ibn Fadlan alitumwa na Khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad mwaka 921, akafika kwa mfalme Almish wa Wabulgari Mei 922. Anasimulia kwamba aliingia hemani na fundi cherehani wa mfalme, mtu wa Baghdad, wakawa wanaongea wakingoja adhana ya Isha. Adhana ikalia. Walipotoka nje, kumbe kumepambazuka. Akamuuliza mwadhini ni sala gani, akajibiwa ni Alfajiri, na Isha wao huisali pamoja na Magharibi.

Siku niliyolala huko jua lilizama kama saa mbili na nusu usiku na lilichomoza karibu saa tisa usiku. Ndiyo, saa tisa ya usiku, kwa hesabu yetu. Nilikaa barazani na koti, maana hata Juni baridi ya mtoni inauma. Mwanga wa Magharibi haukuisha. Ulisogea polepole kuelekea kaskazini, ukafifia, haukukata, na kabla sijajua ulikuwa umeshaanza kupanda mashariki. Nimefundishwa kwamba Isha huingia wekundu wa Magharibi ukitoweka. Basi hapa unafanyaje? Watatari, wenyeji wa Tatarstan, wamelijadili hili kwa vizazi. Shihabuddin Marjani, mwanachuoni wa Kazan aliyefariki mwaka 1889, aliandika kitabu kizima kutetea kwamba Isha ni faradhi hata kama mwanga huo hautoweki. Msikiti wenye jina lake ndio ninaosali Ijumaa, na kwa miaka miwili nilipita mlangoni bila kujua suala hilo alilishughulikia kwa uzito kiasi gani. Mimi ni Mshafii, wao ni Mahanafi. Usiku ule nilifuata ratiba ya msikiti wa mji, nikasali Isha mbingu ikiwa bado nyeupe upande mmoja.

Kwa anayetaka kwenda: usinunue safari ya siku moja, na ukilazimika, uliza kwa maandishi utapewa muda gani ndani ya magofu na lugha gani itatumika. Panga chumba kwa watu wa mjini. Tafuta mwongozaji wa pale pale makumbusho ya magofu. Chagua wiki za katikati ya Juni, beba koti, na tiketi ya boti ya kurudi ikate mapema, kwa sababu ya kwangu nilipata kiti cha mwisho. Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto. Kaa upande huo, kwa sababu boti ikipanda kurudi Kazan, magofu ya Bolgar yako kulia kwa dakika chache tu, lakini kushoto kuna upana wote wa maji yaliyoufunika mji wa kina äbi.