Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 80: hedifoni za prodyuza anayeishi na wakwe

Prodyuza anayefanyia kazi chumbani, katika nyumba yenye watu, pesa yake ya kwanza aipeleke kwenye hedifoni zilizofungwa nyuma, zisizovujisha sauti nyingi. Spika zitafuata. Sponji za ukutani zitafuata baada ya spika. Mimi natumia Beyerdynamic DT 770 Pro, zile za omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kwa kazi ya usiku nazipa tisa kwa kumi.

Naishi Tabata, Dar es Salaam, kwa wakwe. Studio yangu ni chumba kilichokuwa stoo, kimepakana na chumba cha wifi yangu. Wifi ni nesi. Akitoka zamu ya usiku analala mchana. Ng'ambo ya korido yupo mama mkwe, ambaye akishaswali isha anataka utulivu. Kazi zangu nyingi ni singeli, muziki unaokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, pamoja na kaswida za vijana wa madrasa. Kumfungulia mama yule besi ya singeli saa tano za usiku ni kumvunjia heshima mtu aliyenipokea kama mwanawe, na silifanyi.

Wanaokuja kurekodi huniuliza mbona sijabandika sponji zile za pembepembe. Sponji zina kazi yake: zinapunguza mwangwi ili sauti iingie kwenye maiki ikiwa kavu. Hazizuii sauti isitoke chumbani. Kinachozuia ni uzito wa ukuta na mlango, na kuziba kila upenyo wa hewa. Besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7. Sponji ya sentimita 5 haiifanyi kitu. Tena nyumba zetu nyingi zina njia ambayo watu hawaifikirii. Kuta za ndani zinaishia juu kidogo ya dari, na kati ya jipsamu na bati pamebaki uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote. Sauti inapenya jipsamu ya kwangu, inasafiri humo darini, kisha inashukia kitandani kwa wifi. Ukipiga ukuta mzima sponji hujaigusa njia hiyo. Dawa yake ni kupandisha ukuta mpaka kwenye bati na kuongeza bodi ya pili ya jipsamu, na katika nyumba ya baba mkwe hilo si la kuamua mimi.

Ndiyo maana hedifoni. Beyerdynamic ni kampuni ya Ujerumani, na aina yake ya DT 770 ipo sokoni tangu miaka ya 1980. Vikombe vyake vimefungwa nyuma na vinafunika sikio lote. Kiwanda kinasema vinapunguza kelele za nje kwa desibeli 18 hivi, na kwangu hiyo inatosha kutosikia feni wala bodaboda za barabarani. Kwa upande wa pili, yaani kinachotoka kwangu kwenda kwa wenzangu, nilimwomba mama mkwe akae nami chumbani wakati napiga biti kwa sauti yangu ya kawaida ya kazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, hatua mbili kutoka kwenye meza, mlango umefungwa. Akaniambia, "Nasikia kama mchwa tu, mwanangu. Endelea na kazi yako." Alipotoka koridoni hakusikia chochote.

Jambo moja muhimu kwa mnunuzi: DT 770, DT 880 na DT 990 zinafanana sana kwa sura. 770 ndizo zilizofungwa. 880 zimefunguliwa nusu, na 990 zimefunguliwa kabisa nyuma. Hizo 990 ni nzuri kwa mtu aliye peke yake, lakini aliyelala jirani nawe atasikia wimbo wote, na ukirekodi mwimbaji nazo, maiki itanasa biti. Soma namba. Soma na omu pia. Za omu 32 zinasukumwa vizuri na simu, za omu 80 zinaenda na kadi ya sauti ya kawaida ya nyumbani, na za omu 250 zinataka kifaa chenye nguvu zaidi.

Zina uzito wa gramu 270 bila waya, na pedi zake ni za mahameli ya kijivu. Kwa joto la Dar la Januari naipenda mahameli kuliko ngozi bandia, kwa sababu haigandi shavuni. Jasho lakini inalinywa, kwa hiyo navua pedi na kuzianika kivulini. Zikichakaa zinauzwa peke yake.

Kwenye sauti, besi yake imejaa kuliko ilivyo kwenye wimbo wenyewe, na juu kabisa, kwenye "s" za mwimbaji, ina makali. Kwenye kaswida, ambako sauti za watu ndizo kila kitu, makali hayo yanaweza kukufanya upunguze mng'ao ambao ulistahili kubaki. Mimi usiku natunga na kupanga, kisha mchana wa siku ambayo wifi yuko macho nahakiki mizani ya sauti na ala kwenye spika kwa sauti ndogo. Yatunze na masikio yako. Mtu akijua hamsumbui yeyote, anapandisha sauti bila kujitambua. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu: 88 ni saa 4 tu.

Kuna kelele ambazo hedifoni hazizigusi. Ya kwanza ni vidole. Ninapogonga pedi za kupigia ngoma, mtikisiko unapita kwenye meza, unaingia ukutani, na wifi akaniambia, "Wifi, kuna mtu anagonga ukuta usiku kucha." Nimeisogeza meza isiguse ukuta, nikakata ndala kuukuu na kuweka vipande viwili viwili chini ya kila mguu, na pedi zenyewe zinakaa juu ya kipande cha godoro. Ukishika ukuta sasa huhisi kitu. Ya pili ni koo la mwimbaji, na hapo nimeelewana na nyumba: kurekodi sauti ni baada ya alasiri mpaka maghrib, wifi akiwa ameshaamka, mlango umewekewa mpira kwenye fremu na blanketi zito limening'inizwa ndani.

Zangu zilinigharimu zaidi ya laki nne, na kwa kipato cha prodyuza anayeanza hiyo ni pesa nyingi. Nunua kwa mtu atakayekuruhusu kuchomeka na kusikiliza wimbo unaoujua kabla hujalipa. Waya wa hizi za omu 80 una mita 3 na hauchomoki kwenye kikombe, kwa hiyo upitishe nyuma ya kiti, mbali na magurudumu. Ukikatika ni kazi ya fundi wa kuchomelea.