Ubao wa kuteleza Unguja: pwani nilizozijaribu, na moja ya Pemba niliyoifuata kwa jina lake

Ukinitaka jina la pwani moja tu nitakupa, lakini halitokusaidia kitu kama hujui leo ni mwezi ngapi. Mwezi wa angani nasema, yaani siku ya ngapi tangu uandame, si wa mshahara. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kulifahamu hilo, na aliyenifahamisha si mtu wa michezo. Ni mama mdogo, mkulima wa mwani kule Jambiani, ambaye mara ya kwanza kuniona na ubao wangu kwapani aliniuliza kama nimeacha kusomesha nikaingia kwenye biashara ya chapati.

Kwa asiyeijua skimbodi: ni ubao mwembamba, wa umbo la yai lililonyooshwa, usio na pezi chini. Huendi nao kule yanakovunjikia mawimbi makubwa. Unasimama mchangani, unaurusha ulale juu ya utando wa maji yanayorudi baharini, unaukimbilia, unaupanda, basi unateleza. Maji yakizidi unene wa kidole ubao unazama. Yakipungua mno unanasa, na wewe unaendelea na safari peke yako, kifua mbele. Mchezo wenyewe ulianzia Laguna Beach, Marekani, miaka ya 1920, kwa walinzi wa waogeleaji waliokuwa wakitelezea mbao za kawaida. Nalitaja hili kwa sababu nimekutana na vijana wanaodhani hawawezi kuanza mpaka wapate ubao wa fiba kutoka nje. Anza na mbao. Ndiyo asili yake.

Wangu wa kwanza alinichongea seremala wa Mwanakwerekwe, plaiwudi ya milimita 12, bapa kama meza. Kosa lilikuwa langu: nilimpa picha iliyopigwa kutoka juu, na kutoka juu huwezi kuona kwamba pua ya ubao imepinda. Ubao bapa hujichimbia mchangani. Wiki ya kwanza nilikula mchanga mwingi kuliko wali, kifundo cha mkono wa kushoto kikavimba, na mke wangu akanikanda kwa maji ya moto huku akijizuia asicheke.

Wa pili, wazo lake nililipeleka Nungwi, kwa mafundi wa majahazi, watu ambao kupinda mbao ndiyo kazi yao tangu babu na babu. Hawakuhitaji maelezo marefu. Walichukua plaiwudi mbili za milimita 6, wakazigandisha kwa gundi juu ya gogo lililochongwa mviringo upande mmoja, wakabana kwa kamba na mawe, wakaniambia nirudi baada ya siku mbili. Kazi nzuri sana, sijaona dosari mpaka leo. Ila nilipokwenda kuuchukua, mzee mmoja aliyekuwa akitia kalafati chombo pembeni alinishauri niupake sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo visioze. Nikakubali kwa heshima. Kwenye gari ya 116 ya kurudia mjini konda alinusa mara moja, akaniangalia, akaniamuru ubao upande juu ya paa. Baadaye niliupiga msasa na kuupaka vanishi mara tatu. Jua likiwaka sana bado unanuka kidogo.

Haya, pwani sasa.

Jambiani naipa nyota tano, lakini sikiliza kwanza nilivyoipa moja. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Jumamosi, nimetoka mjini mchana kwa gari ya 309, nimefika saa kumi jioni: maji yamejaa mpaka yanagonga kuta za nyumba za wageni, hakuna hata pa kuweka kandambili. Nikarudi. Jumapili moja baadaye nikafika saa nne asubuhi nikidhani nimewahi: bahari haipo. Imekwenda zake kule mwambani, na baina yangu na maji kuna nusu saa ya kutembea juu ya majani, madimbwi na mchanga wenye makunyanzi kama bati. Nikaandika moyoni kuwa Jambiani ni pwani ya kupigia picha tu.

Mama mdogo ndiye aliyenikalisha barazani. Akanambia, "Mwanangu, wewe unakuja kwa kalenda ya skuli. Bahari haina Jumamosi."

Kisha akanifundisha kitu ambacho kila mvuvi anakijua na mimi, mtoto wa mjini mwenye shahada, sikuwa nakijua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana. Siku hizo, kwetu huku, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo maana yeye na wenzake huingia shambani saa tatu asubuhi wakati huo, wanawahi kufunga mwani kabla maji hayajarudi. Kila siku saa hizo huchelewa kwa karibu dakika 50. Ukifika mwezi nane au tisa, na tena ishirini na mbili au tatu, mambo yamegeuka: saa nne ndipo maji yanapojaa na saa kumi ndipo yanapotoka, ila hayo ni maji mafu, hayendi mbali wala hayarudi kwa nguvu.

Nikakaa na karatasi. Mimi natoka skuli mchana, kwa hiyo nataka maji yawe yanatoka baada ya sala ya alasiri. Hesabu inaangukia mwezi kumi na moja hadi kumi na tatu, na vivyo hivyo siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama. Kumbe siku hizo zina faida ya pili. Kwenye bamvua kamili maji hukimbia haraka mno: pwani ya Jambiani ni bapa, tofauti ya kujaa na kutoka inafika kama mita nne kwa kimo, kwa hiyo ukigeuka kunywa maji ya dafu ukirudi ule utando umeshahama. Kwenye maji mafu mchanga haupati kukauka na kukaza vizuri. Katikati ya hayo mawili, bahari hutoka kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, na nyuma yake huacha mchanga mgumu, laini, unaong'aa kama sahani.

Mahali penyewe pa kuteleza si popote. Tafuta pale mteremko wa juu unapokutana na ubapa wa chini, kabla ya makunyanzi kuanza. Ukanda huo una upana wa hatua kama kumi na tano, na ukiupata kwa wakati wake unaweza kuteleza sambamba na ufukwe mpaka ukachoka kurudi kwa miguu. Mchanga wa huku umetokana na matumbawe, mweupe na laini kama unga wa sembe, na ukilowa unashikana. Mawimbi usiyatarajie. Mwamba unayazuia kule nje. Anayetaka kugonga wimbi na kugeuka nalo, Jambiani haitomridhisha. Na kusi likishika, kuanzia Juni hivi, upepo unaukunja utando wa maji na majani yaliyokatika hulala ufukweni kama mikeka. Miezi ya kaskazi ni bora zaidi, hasa siku ambazo upepo haujaamka.

Mawili kuhusu adabu, maana nimeona wageni na wenyeji wakikosea sawasawa. Vile vigingi vyenye kamba kule chini ni mashamba. Mwani ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, na kwa familia nyingi za pwani hii ndiyo ada za skuli na unga wa jioni. Usitelezee huko hata kama maji yanavutia. Na huku ni kijijini, watu wanakwenda msikitini kwa njia hiyo hiyo ya pwani. Vaa fulana na kaptula inayovuka magoti. Haikupunguzii mwendo.

Halafu kuna watoto. Ukishusha ubao Jambiani, ndani ya dakika tano una watoto ishirini kwenye foleni. Mwanzo niliona kero, sasa naona ni sehemu ya huduma. Mmoja, wa miaka tisa hivi, alipanda mara ya tatu tu akateleza karibu mara mbili ya masafa yangu. Nilimtazama kwa makini: haruki. Mimi nilikuwa naurukia ubao kama naruka mtaro, na kila nikiruka ubao unakimbia mbele na mimi nabaki nyuma na kisogo changu. Yeye anakimbia pembeni yake na kupanda kama anayepanda ngazi, uzito umeelekea mbele kidogo. Kweli ni mwepesi, na ubao wa mtu wa kilo themanini kwake ni kama jahazi, lakini hiyo ilikuwa ndiyo siri. Nilimwiga, nikapona. Wao wananiita Bwana Chapati. Sijui nani aliwaambia. Nina dhana yangu.

Paje ni mchanga ule ule, tena mpana zaidi, na kama hakuna upepo ningesema ni sawasawa na Jambiani. Tatizo ni kaiti, yale matiara makubwa yanayowavuta watu juu ya maji. Upepo ukiwa mzuri anga yote ni vitambaa, na wanaozirusha hutumia ukanda ule ule wa maji madogo kuanzia na kumalizia. Zile kamba zao hazionekani vizuri ukiwa unakimbia umeinamisha kichwa kuangalia ubao. Mimi nilikoswakoswa mara moja, ikanitosha. Nenda asubuhi mapema, siku ya bamvua, saa moja au saa mbili: maji yanatoka, upepo bado umelala, wenye kaiti bado wanakunywa chai. Nyota nne kwa saa hizo, mbili kwa mchana.

Kendwa husifiwa na kila mtu, na kwa kuogelea nakubali, maji hayakimbii mbali kama huku mashariki. Kwa ubao, hapana. Mchanga wa juu ni mwingi na mlegevu, unakimbia kama uko ndani ya gunia la mchele, na mteremko ni mkali kiasi kwamba utando wa maji unarudi kabla hujafika. Wakati maji yamejaa vipo vijiwimbi vinavyopiga mchangani, na mwenye ujuzi anaweza kuvichezea. Mimi sijafika huko. Ongeza kamba za nanga za boti, wauza vinyago na watu waliolala kwenye mataulo kila hatua tatu. Siku niliyokwenda, ubao ulinitoroka ukaishia kwenye kiti cha mzee mmoja wa Kitaliano. Alinirudishia kwa tabasamu, lakini nilijiona mjinga. Nyota mbili.

Mjini msijisumbue. Pale mbele ya Forodhani vijana wanaruka majini vizuri kuliko popote duniani, na huo ndio mchezo wa pale. Mchanga ni mdogo, na vipande vya chupa vinakusubiri.

Sasa Pemba. Vumawimbi niliichagua kwa jina tu, nakiri. Pwani inayoitwa hivyo lazima iwe na wimbi, nikajiambia, na nilipoalikwa harusi Wete mwezi wa Januari nikabeba ubao kwenye meli, umefungwa kanga mbili kwa sababu ya ile harufu. Kutoka Konde nilichukua bodaboda kupita ndani ya msitu wa Ngezi, na kijana aliyenipeleka hakuuliza ubao ni wa nini mpaka tulipofika. Alisimama akanitazama nikianguka mara mbili, akasema, "Hebu na mimi." Tukashinda naye mpaka adhuhuri.

Siku hiyo kulikuwa na kaskazi ya wastani, na wimbi dogo, la kimo cha goti, lilikuwa likivunjika moja kwa moja mchangani. Kwa mara ya kwanza niliteleza nikaingia ndani ya wimbi badala ya kulikimbia. Nilianguka, bila shaka, lakini kabla ya kuanguka kuna kitambo kifupi ubao ulipanda ukuta wa maji na nikasikia tumbo limebaki chini. Mchanga mgumu, safi, na katika urefu wote ule tulikuwa sisi wawili, ngalawa mbili zilizopandishwa juu, na kaa. Hakuna duka wala kivuli cha kukodi. Beba maji na chakula chako, na mwambie mwenye bodaboda akusubiri, maana kumpata mwengine ni kazi. Nyota tano, ukitoa moja ya umbali kwa sisi wa Unguja. Yule kijana alitaka kuununua ubao pale pale. Nilimpa namba ya wale mafundi wa Nungwi.

Bado sijajaribu Matemwe wala Michamvi. Anayezijua anambie mchanga wake ukoje maji yakiwa nusu.

Mwezi kumi na mbili huu utaangukia Alhamisi, na Ijumaa yake nimeshapanga kulala kwa mama mdogo. Baada ya alasiri nitakuwa pale mteremko unapokwisha, na mbao mbili. Atakayewahi atapata ule usionuka.