Seti ya lenzi za darubini na skrubu iliyoniharibia usiku hapa Bangwe

Nitaongelea skrubu. Lenzi zenyewe mtaziona picha zake kila mahali na bei inabadilika kila ukiuliza, kwa hiyo huko siendi. Ninayoisema ni ile skrubu ndogo ya pembeni mwa Barlow, inayobana lenzi ya kutazamia isichomoke. Hiyo ndiyo iliyonifanya nimtukane mtu kimoyomoyo mbele ya watoto, tena usiku ambao anga la Kigoma lilikuwa safi ajabu.

Kwa asiyeijua, Barlow ni lenzi ya kati: unaichomeka kwenye darubini, halafu lenzi ya kutazamia unaichomeka juu yake, ukuzaji unakuwa mara mbili. Ukiwa na lenzi tatu na Barlow moja, umepata ukuzaji wa aina sita. Ndiyo maana niliitaka seti hii. Darubini yangu ni ya kawaida tu, mdomo wake milimita 70, na lenzi zilizokuja nayo zilikuwa za plastiki.

Niliagiza duka moja la Kariakoo nililolikuta Instagram. Jina silitaji, sitaki kesi. Nikatuma hela, nikaambiwa niongeze na ya kutolea, nikaongeza. Mzigo ukapakiwa basi. Huku mwisho wa reli tumezoea vitu kufika vimechoka, ila boksi hili lilifika zima, na kila lenzi ina kikopo chake. Hapo sina neno.

Ilikuwa kiangazi, mwezi hakuna. Shida ni kwamba usiku wa giza hausubiriwi na mimi peke yangu. Wavuvi wa dagaa nao wanautaka huohuo, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo mimi nikitoa darubini uani, wao wako ziwani na taa zao, upande wote wa magharibi unang'aa. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, upande ule ulikuwa giza tupu na nyota zinazama hadi kwenye milima ya Kongo. Nilifurahi kimyakimya, maana nusu ya mtaa wetu wanakula kwa ziwa hilo.

Usiku ninaousema taa zilikuwepo, lakini Tanesco nao wakakata umeme mtaa mzima. Majirani wanalalamika, mimi nacheka peke yangu uani.

Nikaanza na lenzi ya milimita 25, inayokuza kidogo kuliko zote, bila Barlow. Kundinyota la Nge lilikuwa juu sana angani, nikaelekeza mkiani kwake, kwenye kundi lile la nyota ambalo Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa kale, aliliandika tangu karne ya 2 na leo linaitwa Messier 7. Lenzi ya zamani ilikuwa inalikata, unaona kipande unahamia kingine. Hii ikaliingiza lote, na nyota za pembeni zikabaki nukta safi, hazina mikia. Mpwa wangu akakataa kuondoka kwenye kiti. "Mjomba, mbona kwa macho sizioni zote hizi?" Nikamwacha akae hapo, watoto wa jirani wakaanza kupanga foleni bila kuambiwa. Ningeandika maoni haya saa ile, mngesoma sifa tupu.

Kwenye saa nne sayari ya Zohali ikawa imepanda vya kutosha. Nikaweka Barlow, nikachomeka lenzi ya milimita 10, nikaanza kukaza skrubu. Ikazunguka. Nikaongeza kidogo, ikazunguka tena, haishiki popote. Nikaitoa nikaimulika kwa tochi: skrubu yenyewe nzima, ila tundu lake lina unga mweupe wa chuma laini, thredi zimesagika. Mara ya kwanza kutumika! Nikairudisha nikijipa moyo, nikaweka jicho. Lenzi ilikuwa imelala upande, na Zohali, yenye pete zinazojulikana dunia nzima, imekuwa mstari mchafu.

Nikaishikilia kwa vidole viwili. Sasa mwenye darubini atanielewa. Hapo ukuzaji ni mara 140, hata kukanyaga vibaya karibu na miguu ya darubini kunatetemesha picha, sembuse vidole vya mtu mwenye hasira. Na dunia haikusubiri: inazunguka, na kwa ukuzaji huo sayari inavuka duara lote na kutoka nje kwa muda usiofika dakika mbili. Kila nikiinyoosha lenzi, Zohali imeshaondoka. Naitafuta, naipata, naiachia skrubu, lenzi inainama. Mwishowe ikachomoka yote ikadondoka mchangani.

Mzee jirani yetu, mvuvi aliyestaafu, alikuwa amekaa kwenye kiti anasubiri zamu yake tangu nilipomwamkia. Akaja akaigusa ile Barlow kwa kidole. "Mwanangu, hili linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ling'oe tu." Watoto wakaangua kicheko. Nikazungushia solotepu, tukaiona Zohali kwa shida, kisha ikawa kila nikitaka kubadili lenzi nabandua solotepu na kuibandika upya. Mzee akaaga akaenda kulala. Hakuiona vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake nikamtumia muuzaji video. Kwa adabu kabisa, habari za kazi, natumaini mzima. Akaijibu kwa sauti, na nyuma yake kuna watu wanacheka: "Boss, hiyo umekaza kwa nguvu. Halafu nyie watu wa Kigoma nyota mnaziangalia za nini, mnataka kupigia ramli?" Akamalizia kwamba mali ikishauzwa hairudi.

Nimeisikiliza sauti ile mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu. Mtu wa Kigoma akienda Dar lazima aulizwe habari za uchawi, tumezoea na wenyewe tunatania. Lakini utani una wenyewe, ndugu yangu. Huwezi kunitania uchawi wakati hela yangu umeshaila, na ya kutolea juu yake! Nikamwandikia ujumbe mrefu. Tiki mbili za bluu, kimya.

Tangu hapo kila kitu cha seti hii kikawa kinanikera. Lenzi ya milimita 4 ni ya kuongezea idadi boksini. Peke yake inakuza mara 175 kwenye darubini yangu, ukiiweka na Barlow ni mara 350, wakati mdomo wa milimita 70 ukishafika mara 140 hivi ndiyo mwisho wa picha ya maana. Zaidi ya hapo unakuza giza na ukungu. Kishikio cha simu sijakijaribu, sina imani nacho.

Halafu kuna kioo cheusi kimeandikwa ni filta ya jua, cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia. Hapa sitanii. Kikikaa mahali hapo kinapokea joto lote ambalo darubini imelikusanya, kinaweza kupasuka ukiwa umeweka jicho, na hutapata nafasi hata ya kupepesa. Filta salama ya jua hufungwa mbele, kwenye mdomo wa darubini. Hicho changu nimekivunja kwa nyundo kabla watoto hawajakigundua. Ukinunua seti yoyote yenye kitu hicho, fanya hivyo kwanza, lenzi utazijaribu baadaye.

Barlow nilimpelekea fundi redio mmoja pale Mwanga. Akaivaa miwani yake, akaichungulia, akasema tundu limetobolewa pana kuliko skrubu yenyewe, hivyo skrubu ilishika nchani tu na thredi zimekufa siku ileile. Nguvu zangu hazikuhusika. Akachonga thredi mpya, akanipa skrubu nene kidogo aliyoitoa kwenye redio mbovu, akachukua hela ya soda.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu Barlow ile ni nzuri. Skrubu ilipokaza, Zohali ilitulia, na pete zikaonekana zimejitenga na sayari pande mbili. Zilikuwa nyembamba, kwa kuwa Machi 2025 zilitugeukia ubavu na zilikuwa hazijafunguka sana. Pembeni kulikuwa na nukta moja, Titan, mwezi wake. Mzee nilimwita. Aliangalia kwa muda mrefu akasema, "Kumbe," akaomba aangalie tena.

Kwa hiyo, ununue? Nilitaka kuandika msinunue kabisa. Lenzi ya milimita 25 inanizuia, na ile ya 10 pia. Kama una fundi karibu, chukua. Kama huna, ukipokea mzigo kaza skrubu hapohapo stendi kabla hujaondoka. Lakini kwa muuzaji yule sikupeleki, hata lenzi zake zingekuwa za dhahabu.

Juzi amenitumia ujumbe, bila salamu: "Boss, mzigo mpya umeingia." Kuna Barlow ya kukuza mara tatu. Nimemuuliza bei.