Diski ya almasi ya kukatia poselini: uzoefu wangu

Mimi ni fundi marumaru hapa Dodoma, na kwa miezi kadhaa grenda yangu imekuwa ikifungwa diski ya almasi ya inchi nne na nusu, ya ukingo mzima usio na mapengo, iliyoandikwa kuwa ni ya poselini, yaani marumaru ngumu za udongo uliochomwa, na ya jiwe la granaiti. Nimeipenda sana. Nataka mafundi wenzangu wajue inakataje, maana dukani tunauziwa diski kwa sifa moja tu: "Hii ngumu, haiishi."

Diski ya almasi inatakiwa iishe! Ukingo wake ni poda ya metali, kama kobalti, shaba au chuma, iliyochanganywa na punje ndogo za almasi ya kiwandani, ikashindiliwa na kupashwa joto kali mpaka ikashikana. Almasi ndiyo inayokata. Metali inaishika punje, kisha inaiachia ikishachoka, na yenyewe hulika ili punje ya chini ichomoze. Sasa, poselini ni ngumu na unga wake ni laini, haukwangui metali haraka, hivyo diski yake hutengenezwa kwa metali laini. Tofali la saruji lina mchanga unaoila metali upesi, hivyo diski yake huwa na metali ngumu. Ukiipeleka ya tofali kwenye poselini itateleza tu na kupata moto sana; ya poselini kwenye tofali itaisha kama sabuni.

Hii yangu inaingia poselini bila kusukumwa, na uso wa marumaru haubanduki vipande pembeni mwa mkato. Kwangu hicho ndicho kipimo, hasa kwenye tundu la soketi, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba hufika kwanza. Baada ya kazi ya kaunta ya granaiti ukingo ulianza kung'aa na kukataa kuuma. Nikaikatisha tofali la mchanga mara chache, metali ikalika, makali yakarudi.

Ukiitazama kwa karibu, nyuma ya kila punje kuna kimkia cha metali kinachoiegemeza. Ndiyo sababu ya kufuata mshale uliochorwa kwenye diski. Ukiifunga kinyume, punje zinakosa egemeo na kung'oka kabla ya wakati.

Bei yake ni karibu mara tatu ya diski za kawaida, na hilo linauma. Mwendo wake wa juu ni mizunguko 13,300 kwa dakika, unaotosha kwa grenda za ukubwa huu. Ikikata kavu hupata joto, kwa hiyo naiachia izunguke hewani kidogo kati ya mikato. Vumbi la poselini na granaiti lina silika, inayoharibu mapafu yasipone tena, na kitambaa usoni hakitoshi; vaeni barakoa ya vumbi inayobana. Mikato mirefu naipeleka kwenye mashine ya meza yenye beseni la maji, kwani maji na grenda ya umeme ya mkononi haviendani.

Anayekata poselini kila siku ainunue. Wa matofali atafute ile ya meno, yenye mapengo.