Uzoefu wangu: siku mbili za kushona na kufufua tutu mjini Nottingham

Mimi ni fundi cherehani. Mkasi nilianza kuushika Tanga, barazani kwa shangazi yangu, na sasa nina miaka 11 hapa Uingereza, nashona magauni ya harusi na kupunguza suruali za watu. Mwaka jana binti yangu mwenye miaka tisa alichaguliwa kucheza kwenye onyesho la darasa lake la baleti, na wazazi tukaambiwa kila mtoto aje na tutu yake, ile sketi fupi inayosimama kiunoni kama sahani. Za dukani nilizoziona zilikuwa zinalegea kabla hata hazijavaliwa. Nikajisemea: neti nimeishika maisha yangu yote, shela za maharusi napitisha mikononi kila Jumamosi, sketi ya mtoto itanishinda? Ikanishinda. Nilishona tatu, na zote tatu zilianguka kama mwavuli uliovunjika mbavu.

Ndipo nikalipia warsha ya siku mbili, pauni 165, chakula juu yako. Mafundi wenzangu kadhaa wameniuliza kama inafaa, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Nianze na yaliyoniudhi. Tangazo lilisema vifaa vyote vimo ndani ya ada. Havikuwa vyote. Tulikuwa wanane, na waya wa chuma unaopita katikati ya sketi kuishikilia isilale ulitosha watu watano tu. Neti tuliyopewa ilikuwa laini mno, ile ya kupambia meza za sherehe, wakati tutu inataka neti ngumu, hasa matabaka ya chini. Asubuhi ya kwanza tulikimbizwa: hadi saa sita mchana kila mtu awe amekwishakata matabaka 12, la juu sentimita 34, la chini kabisa sentimita 3, na kila moja kingo zake zimechongwa meno. Kwangu mimi niliyezoea mkasi iliwezekana. Mwanafunzi aliyekaa jirani yangu, hajawahi kushona zaidi ya kitufe, alikuwa karibu kulia. Waandaaji niliwaandikia kuhusu waya, wakanirudishia pauni 15. Basi hilo limekwisha.

Sasa niwaambie kwa nini nitarudi.

Mwalimu wetu ni mama wa miaka sabini na kitu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha mavazi cha ukumbi wa maonyesho. Kabla hatujawasha cherehani alimpa kila mmoja vipande viwili vya neti ya pamba, akauliza: kipi cha tutu, kipi cha chandarua? Nilivileta karibu na dirisha. Vyote viwili vina vitundu vya pembe sita, uzi umezungukana na uzi mwenzake, haukufungwa fundo. Ni ufumaji uleule. Mashine yake ilibuniwa na John Heathcoat, akapata hataza mwaka 1809, na eneo hili la Nottingham likawa kitovu cha lesi na neti duniani. Kabla ya hapo neti ya namna hiyo ilifumwa kwa mkono, polepole, na bei yake haikushikika. Mchezaji baleti Marie Taglioni alipotokea jukwaani Paris mwaka 1832 kwenye baleti ya La Sylphide, na sketi yake nyeupe iliyoshuka hadi chini ya magoti kama ukungu, vitambaa vyepesi namna hiyo vilikuwa vimeanza kutoka viwandani.

Halafu akatuambia Vita ya Pili ya Dunia ilipofika, mashine hizo za Nottingham zilifanywa nini. Zilifuma vyandarua vya askari na nyavu za kufichia mizinga. Neti ya jukwaani ikawa haipatikani.

Hapo niliweka sindano chini kidogo. Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua zikinyesha, na katika hadithi chache alizowahi kutusimulia, adui mkubwa alikuwa mbu. Sasa niko hapa, mjukuu wake, nimeshika kipande cha chandarua mkono wa kushoto na cha tutu mkono wa kulia, na vidole vyangu haviwezi kuvitofautisha. Kwetu Tanzania vyote tunaviita neti, na kumbe tuko sahihi kabisa.

Mchana tukiwa tunashika marinda kwenye mkanda wa nyonga, kazi ya kuinamisha shingo isiyotaka maongezi mengi, mwalimu alisimulia na sisi tukasikiliza. Mei 1940 kundi la Sadler's Wells Ballet, lile lililoasisiwa na Ninette de Valois, lilikuwa Uholanzi likicheza mji hadi mji. Margot Fonteyn, mchezaji wao mkuu, alikuwa na miaka 20. Tarehe 10 Mei Wajerumani wakaivamia nchi. Wachezaji walitoroka hadi bandari ya IJmuiden, wakapanda meli ya mizigo, wakashuka Harwich, huku Uingereza, wakiwa hai. Nguo, mapazia na karatasi za muziki za maonyesho sita zilibaki nyuma. Muziki wa Horoscope, alioutunga Constant Lambert, ulipotea huko pamoja na mavazi yake, na baleti hiyo haikurudi tena jukwaani kama ilivyokuwa.

Fikirieni kama fundi. Unarudi nyumbani, sanduku zima la kazi ya mikono limebaki kwa adui. Septemba mwaka uleule ukumbi wao wa London unageuzwa makazi ya waliobomolewa nyumba kwa mabomu, nao wanaanza kuzunguka nchini kwa treni. Halafu kuanzia Juni 1941 nguo inauzwa kwa mgawo: kuponi 66 kwa mtu mzima kwa mwaka wa kwanza, na gauni moja tu la sufu linakula 11. Mita kumi na zaidi za neti kwa sketi ambayo haimfuniki mtu hata mapaja, nani atakuidhinishia? Lakini pazia lilifunguka jioni baada ya jioni, na watu waliokuwa wamelala kwenye mahandaki ya treni usiku uliotangulia walikata tiketi kwenda kutazama.

Walifanyaje? Hapa ndipo warsha ilipopata thamani yake, kwa sababu siku ya pili yote ilikuwa ya ukarabati.

Tutu za zamani hazikuwa na nailoni. Nailoni ilipoingia sokoni ilichukuliwa na vita kwa ajili ya miavuli ya kurukia. Sketi zilikuwa za tarlatani, kitambaa chembamba cha pamba, na neti ya pamba au hariri, zikisimama kwa nguvu ya wanga peke yake. Jasho la mchezaji na ubaridi wa ukumbi vikiupata wanga, sketi inalala. Mwalimu alichemsha wanga kwenye sufuria ndogo, akatuonyesha jinsi ya kuupaka kwa brashi upande wa chini, tabaka kwa tabaka. Harufu ile! Shangazi yangu alikuwa akipika wanga wa muhogo kila Alhamisi kwa ajili ya kanzu za Ijumaa, anaukoroga hadi uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa. Nilimwambia mwalimu wanga wake ni mzito mno, utaacha magamba meupe. Akanipa mwiko. Tukaongeza maji, ukakaa sawa.

La pili alilotufundisha, sikuwahi kulisikia. Tabaka la juu la tutu ndilo linalochanika kwanza, maana ndilo mkono wa mchezaji mwenzake unapogusa. Mafundi waliomfundisha yeye hawakulitupa. Walilipunguza kingo zilizochakaa, likawa fupi kidogo, wakalishusha ngazi moja liwe tabaka la pili. La pili likashuka likawa la tatu, na hivyo hivyo hadi chini, ambako lile dogo kabisa lililokwisha ndilo linaloondolewa. Unahitaji neti mpya ya tabaka moja tu, la juu, ambalo macho ya watu yanaliona. Kwa sketi ya matabaka 12 umeokoa 11. Nilirudia hesabu hiyo kichwani mara mbili kwa furaha.

Na mwisho ni bandi. Kosa langu la nyumbani lilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nashona matabaka yote pamoja kwa mshono mkali ili yasimame. Kumbe yanaunganishwa kwa bandi ndefu zilizolegea, uzi unapita kutoka tabaka hadi tabaka ukiwa na nafasi ya kuchezacheza, ili sketi iruke na mchezaji na kutua baada yake kidogo. Ukikaza, umetengeneza ubao.

Kati yetu alikuwapo mama mmoja kutoka Ukraine. Alikuja na tutu ya binti yake kwenye mfuko wa shuka. Tutu haikunjwi, inahifadhiwa kichwa chini, au ndani ya mfuko wa duara uliolala. Yeye aliikunja mara nne akaisindilia kwenye begi, kwa kuwa lilikuwa begi moja na walikuwa watatu. Waya ulikuwa umepinda sehemu mbili na matabaka yameshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kwao, alisema, baleti haijakoma. Ukumbi wa opera wa Kyiv ulifungwa vita ilipoanza Februari 2022, ukafunguliwa tena Mei, na tiketi zinauzwa kwa idadi ya watu wanaoweza kuenea kwenye handaki chini ya jengo. King'ora kikilia katikati ya onyesho, wote wanashuka, na wachezaji na sketi zao, kisha hatari ikipita wanapanda kuendelea.

Tuliifanyia kazi watu wanne kwa saa tatu. Waya tuliuchomoa kwanza. Pasi ya mvuke inashikwa mbali, kiasi cha shubiri moja, kwa kuwa nailoni ya siku hizi ikiguswa na moto inayeyuka. Nilipewa kukata bandi za zamani na kupiga mpya kwa sababu mishono yangu ni midogo. Ndani ya mkanda wa kiuno kulikuwa na utepe wenye majina manne yaliyoandikwa kwa wino, matatu yamefutwa kwa mstari mmoja mmoja. Kulabu za nyuma zilikuwa safu tatu, kila mvaaji na kiuno chake. Tulipoirudisha kwenye sanamu ya kuvishia nguo, ikakaa pale imelegea. Mwalimu akaitikisa mara moja kutoka chini, kama mtu anayekung'uta mkeka, na ikafunguka.

Yule mama aliitazama muda, kisha akaomba mkasi akate uzi mmoja niliousahau.

Kuna hadithi moja zaidi niliyoipenda, nisije nikaisahau. Tarehe 20 Februari 1946 jumba la opera la Covent Garden, ambalo wakati wa vita lilikuwa ukumbi wa dansi, lilifunguliwa tena kwa The Sleeping Beauty, Fonteyn akicheza Aurora, yule binti mfalme, na Mfalme George wa Sita yuko ukumbini. Kuponi za nguo bado zilikuwapo, na zilidumu hadi 1949. Aliyebuni mavazi ni Oliver Messel. Wakati wa vita kazi yake jeshini ilikuwa kuficha: ngome za zege za kufyatulia risasi alizivika sura ya marundo ya nyasi na magofu ili adui asizitambue. Ni mtu mmoja, na mikono ileile ndiyo iliyomvisha Aurora.

Kwa anayetaka kwenda: njoo na neti yako ngumu, njoo na waya wako, njoo na kastabini, maana za pale ni kubwa kwa vidole vyembamba. Kama huna uzoefu wa kushona, siku ya kwanza itakuchosha. Omba ulipie ya pili peke yake, waliniambia inawezekana. Mimi nimeshajiandikisha tena Oktoba, safari hii kwa ajili ya bodi, sehemu ya kifuani, ambayo tuliigusa juu juu tu.

Ya binti yangu niliishona wiki iliyofuata: matabaka 8 yanamtosha kwa umri wake. Tangu onyesho lipite inaning'inia kichwa chini juu ya kitanda chake, mahali ambapo Tanga ungefunga chandarua.